Kitovu Kwenye Mkebe wa Mbithe

Asifiwe Bwana, ndugu zangu. Asifiwe na yule aliyekula mahindi ya njano, na asifiwe na yule anayesoma hapa na hajui ladha yake.

Mimi nilikula. Ule mwaka mvua ilikataa mara mbili, na magunia ya mahindi ya njano yakaletwa kutoka ng'ambo. Tukasema hayo ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu, na tukayala hivyo hivyo. Ukipika muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, wa yale ya njano jioni, asubuhi bado yanagongana kwenye sufuria kama mawe ya mtoni. Na kabla ya magunia kufika, kuna nyumba huku kwetu zilikuwa zimechemsha ngozi ya kulalia. Kwa hivyo mtu akikuuliza mimi Nthenya nilipotea mwaka gani, mwambie ni huo wa njano.

Nilizaliwa upande wa Kitui. Shule niliacha darasa la pili, kwa sababu mbuzi hawakuwa na mtu mwingine wa kuwachunga. Lakini kuimba sikufundishwa na shule. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo wanawake wakilima, na ndugu yangu mkubwa alitengeneza gitaa la debe, nyuzi zake ni waya za breki ya baiskeli. Akienda sokoni mimi nalichukua. Tena kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye gramafoni, na Jumamosi alikuwa anacheza santuri za Wazungu wachunga ng'ombe wa Amerika, wale wanaimba kama wanalia. Sikuelewa hata neno moja. Lakini mtu akililia kwao, unaelewa. Nikarudi nyumbani nikachukua nyimbo za mama za jembe, nikaziweka kwenye zile nyuzi za breki kwa ule mlio wa santuri. Hakuna msichana mwingine alikuwa akifanya hivyo. Najisifu, ndiyo. Mungu alinipa mkono na koo, nitasema hakunipa?

Nikaolewa huku milima ya Nunguni, na huku nikaingia mwethya. Wale mliozaliwa juzi, mwethya ni wanawake kujikusanya, leo mnachimba matuta kwangu, kesho kwako, na mnachimba mkiimba. Mmoja anaanzisha, arobaini wanajibu neno kwa neno. Na kutaja mtu kwa jina kwenye wimbo haikuwa dhambi. Mchoyo anatajwa, mwizi wa kuku anatajwa, mume mpigaji anatajwa. Hiyo ndiyo ilikuwa korti yetu. Mama alinionya nikiondoka kwao: "Nthenya, ukianzisha, angalia kwanza. Jembe haingojei mtu afikiri. Kitu watu arobaini wamesema pamoja na jembe, hakirudi."

Nilimsikia vizuri sana. Wacha niseme sasa vile nilifanya.

Jirani yangu alikuwa Mbithe. Tuliolewa mwaka mmoja. Yeye ndiye alimkata kitovu mtoto wangu wa kwanza, Kioko, kwa sababu mkunga alichelewa. Magunia ya njano yalipofika, wanawake walimchagua Mbithe kushika mkebe wa kupimia, mkebe wa mafuta ya kupikia, kila nyumba mikebe yake. Walimchagua kwa sababu mkono wake ulijulikana hauna ujanja.

Siku hiyo nilipokea yangu kama wengine. Njiani njaa ikanishika. Nikakaa nyuma ya kichaka, nikayatafuna mabichi, konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ufizi ukatoa damu. Nikafika nyumbani. Mama mkwe akauangalia mfuko.

"Nthenya, hii ndiyo yote?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona ya Mama Mutua ilikuwa nyingi, na watoto wenu ni sawa?"

Ndugu zangu, ningesema nimekula. Njaa si aibu. Lakini nilikuwa bibi kijana mwenye kiburi, nikasema, "Labda ni mkebe wa Mbithe." Basi. Labda tu. Neno dogo kama mbegu ya wimbi.

Kesho yake tulikuwa kwenye matuta. Jua kali, watu wamechoka, wimbo unakufa, na mimi ndiye mwanzishi. Nikatafuta cha kuwaamsha. Kikanitoka, kwa Kikamba, na kwa Kiswahili kingekuwa hivi:

*Mkebe wa Mbithe una kitovu,*
*kitovu kinakula watoto wetu.*

Yaani chini ya mkebe kumegongwa kukaingia ndani, ukijazwa unaonekana umejaa na kumbe sivyo. Midomo arobaini ikajibu kabla haijafikiri. Jembe zikapanda pamoja, zikashuka pamoja. Ulikuwa wimbo mtamu, nisiwadanganye. Walicheka, wakaurudia, wakachimba hatua ishirini bila kupumzika. Na Mbithe alikuwa hapo hapo, wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa amejibu mstari wa kwanza pamoja na wengine, kwa mazoea, kisha nikaona jembe lake limebaki juu.

Alisema tu, "Nthenya?" Kama mtu anayeitwa akiwa usingizini.

Mwenyekiti wetu, Mama Kavata, alikuwa mama mkali lakini wa haki. Alisimamisha kazi. Akasema mkebe uko wapi. Mbithe akasema uko nyumbani kwangu, chukueni, mwangalie. Ukaletwa ukiwa umefungwa kwenye mfuko wake. Mama Kavata akakataa kuufungua shambani. Akasema wazee wataangalia Ijumaa, siku ya kugawa, mbele ya watu wote. Na mpaka Ijumaa nani aushike? Wanawake wakasema ashike Nthenya, kwa sababu ndiye aliyeona.

Aliyeona! Mimi sikuwa nimeona kitu.

Nilipofika nyumbani niliingiza mkono. Chini kulikuwa kumenyooka kama kiganja. Mkebe ulikuwa mzima. Nikauinua kwenye mwanga, nikaugeuza, nikaupapasa tena. Mzima. Nilihesabu siku: ilikuwa Jumanne.

Jumatano sikula. Alhamisi mchana mume wangu alikuwa ameenda mtoni na punda, mama mkwe yuko sokoni. Niliufunga mkebe kwa leso, nikaugeuza juu chini kwenye gunia, nikachukua jiwe la kusagia la mkono. Na ili majirani wasishangae, niligonga kwa mwendo wa kinu, tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga muthokoi. Hata nikaimba. Jirani akapita njiani akaniita, "Nthenya, leo mnakula!" Nikamjibu, "Tunakula, karibu." Na nilikuwa nampiga Mbithe kwa jiwe.

Ijumaa mzee mmoja aliingiza mkono, akautoa, akasema, "Kitovu kiko." Mama Kavata akaingiza wake. Akamtazama Mbithe kwa muda mrefu. Mbithe hakupiga kelele. Alisema, "Huo mkebe ukiwa kwangu ulikuwa mzima." Mume wake alikuwa mtu wa kuogopa watu. Kabla ya mwezi kuisha alimwambia achukue wasichana wake wawili aende. Akaenda mpaka Kiboko, kule barabarani chini, akawa anapalilia mashamba ya watu. Na mkebe wazee walinipa mimi, zawadi. Niliweka ndani yake mbegu za kunde. Sikuweza kuutupa. Wakati ule nani anatupa mkebe? Na nikiutupa, si mtu atauliza?

Wapendwa, hapo ndipo kazi yangu ya kuimba ilipoanza. Si kwa nyimbo za mama, si kwa ule mlio wa santuri. Kwa mkebe. Ule wimbo ulitoka kwenye matuta yetu ukashuka Matiliku, ukavuka mpaka Kitui, kila mwethya ikauimba. Watu wakaanza kuuliza ni nani aliyeanzisha. Wakaniita arusi, wakaniita sherehe za shule, wakaniita masoko. Nikapata gitaa la duka, la mbao, lenye kung'aa. Nilitunga zingine, juu ya mama yangu, juu ya njia ya Kitui, juu ya mbuzi aliyekataa kuuzwa, na watu walizipenda. Lakini nikimaliza, kutoka nyuma lazima sauti ipande: "Mkebe! Mama Kioko, mkebe!" Wanangoja tu mkebe, kama watoto wanaongoja nyama.

Na kila mara nilikuwa naimba nikiwa na hofu. Kwanza naangalia vitambaa vya kichwa, mmoja mmoja, kuona kama Mbithe yuko. Siku moja nikaona kitambaa kama chake, nikasahau maneno, gitaa likalia peke yake. Tangu siku hiyo nikaanza kuimba macho yamefungwa. Watu wakasema ni mtindo. Wasichana wa mji wa Wote wakauiga, wanaimba macho yamefungwa, wanadhani ni uchungu wa mapenzi.

Msimu wa kupanda ukifika naingiza mkono kwenye mkebe kuchukua kunde, na ule uvimbe unanigusa katikati ya kiganja. Miaka na miaka. Nilibatizwa, niliingia kwaya, nilisimama hata mbele nikasema nimeokoka. Lakini mchungaji akisema neno "ushahidi", naanza kufunga leso yangu upya. Nilikuwa nimeokoka kutoka shingoni kwenda juu.

Kisha nikaalikwa Kiboko.

Ningekataa, lakini mume wangu alikuwa amekwisha kubali. Duka jipya linafunguliwa, watu wa lori, wauza nyanya, watu wengi. Nikaimba. Wakadai mkebe. Nikafunga macho, nikaimba. Nilipofungua, mbele yangu kuna mwanamke kijana, ana mtoto mgongoni, amecheka mpaka machozi.

"Mama," akaniambia, "huu wimbo naupenda! Nauimba tangu nikiwa mdogo, lakini mama yangu hataki niuimbe nyumbani. Ati unamuumiza kichwa. Hebu niambie, huyo Mbithe alikuwa nani? Kwa sababu hata mama anaitwa Mbithe."

Nikauliza, "Na wewe unaitwa nani?"

"Ndinda."

Ndinda, ndugu zangu. Mtoto niliyembeba mgongoni mwangu mama yake akipima mahindi. Mama yake hakuwa amemwambia. Alikuwa amemlea huyo msichana bila kumpa hata hasira dhidi yangu.

Nikasema, "Ni jina tu la wimbo." Nikafunga gitaa, nikaondoka bila kunywa hata chai yao.

Nilikaa majuma mawili kama mtu mwenye malaria. Chakula kinageuka mchanga mdomoni. Nilikuwa nasikia hatua njiani nasema sasa anakuja, Ndinda amemuuliza mama yake, mama yake amesema, wanakuja. Hawakuja. Aliyekuja ni mtu wa santuri kutoka Nairobi.

Alikuja na viatu vyeupe kwenye udongo wetu mwekundu. Alinisikia Kiboko, anataka kunirekodi. Santuri mbili, na redio itacheza, na nchi yote itasikia. Mume wangu akachinja jogoo. Tulikuwa tumengoja siku hiyo tangu gitaa la debe. Karatasi ikawekwa mezani, na wino wa kidole. Mtu wa santuri akasema, "Upande wa kwanza tunaweka ule wa mkebe. Hiyo ndiyo nyama. Hizo zingine zitafuata."

Ndugu zangu, sikuota ndoto. Sikuona mwanga. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kusema ndiyo, kidole changu kilikuwa kimekwisha kunyooka kwenda kwa wino. Mdomo ukafunguka bila ruhusa yangu, ukasema:

"Huo siimbi. Mkebe wa Mbithe ulikuwa mzima."

Yule mtu akacheka. "Mama, mkebe ni mkebe. Kwani kuna mtu atakuja kuupima?"

Mume wangu hakucheka. Aliuliza polepole, "Mama Kioko, umesema nini?"

Nikasimama, nikaleta mkebe, nikamwaga kunde mezani juu ya karatasi yao, nikasema yote. Konzi za njiani, labda, jiwe, mwendo wa kinu. Mtu wa santuri alipangusa viatu akaenda. Mume wangu alikaa mbele ya jogoo mpaka mafuta yakaganda. Mwishowe akasema, "Umetuua." Nikamwambia, "Baba Kioko, aliyekufa ni Mbithe, sisi tumekuwa tukila matanga." Hakuongea nami mpaka mvua iliyofuata.

Asubuhi nilienda Kiboko na mkebe umefungwa kwa leso ile ile. Nilikuwa nimepanga maombi, mistari ya Biblia, hata wimbo. Mbithe alikuwa anachambua mchicha mlangoni, amezeeka kuliko mimi. Aliponiona hakusimama. Ndinda alitoka ndani akitabasamu, "Mama, si huyu ndiye—" Mama yake akamwinulia mkono anyamaze.

"Nipe mkebe wangu," Mbithe akasema.

Nikampa. Akaingiza mkono. Akapapasa ule uvimbe kama mtu anapapasa kichwa cha mtoto.

"Ulipiga na jiwe gani?"

"La kusagia."

"Lile nililokuletea mimi ulipojifungua Kioko?"

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau, Mungu nisamehe kwa kuapa. Nikaanguka chini nikaanza kuomba kwa sauti, Ee Bwana mponye dada yangu. Akanikatiza.

"Usiniombee. Nirudishe."

"Nikurudishe vipi, Mbithe?"

"Pale uliponitoa. Kwenye matuta, na jembe, na midomo ile ile. Ukija na karatasi ya mchungaji nitaiwashia moto."

Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa kubwa kuliko siku zote. Kuungama kanisani ni rahisi, watu wanasema haleluya. Lakini mwethya! Wale wanawake walikuwa wameimba na mimi. Nikisema nilidanganya, nawaambia na wao walimfukuza mtu bure. Ni nani anajibu wimbo kama huo?

Mama Kavata alikuwa bado hai, anatembea na fimbo. Alinisikiliza, akatema mate chini, akasema, "Alhamisi. Tutakuwa kwangu."

Alhamisi walikuja, wazee sasa, na binti zao. Mbithe alikuja na Ndinda, akasimama wa tatu kutoka kwangu, nafasi yake. Nikaeleza kwa ufupi. Hakuna aliyeniangalia. Nikashika jembe, nikaanzisha, sauti ile ile, mlio ule ule:

*Mkebe wa Mbithe ulikuwa mzima,*
*mimi Nthenya ndiye niliyekula.*

Kimya.

Jembe zilipanda zikashuka, kila moja na wakati wake, kama matone ya paa bovu. Nikarudia. Kimya. Tangu nizaliwe sijawahi kuanzisha na nisijibiwe. Ni kama kukanyaga ngazi na ngazi haiko. Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imekatika, nikasema moyoni, Yesu, kama hawatajibu nitaimba hapa mpaka nife, lakini usiniache nirudi kwa ule wimbo mwingine.

Na nyuma yangu sauti moja ikajibu. Ndinda. Aliujua mlio tangu utoto, si alikuwa anauimba? Alijibu peke yake, neno kwa neno, akilia. Nikaanzisha tena. Ndinda, na fimbo ya Mama Kavata ikigonga jiwe, naye mwenyewe akijibu kwa sauti yake ya chuma. Kisha Mama Mutua. Kisha wengine. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka wataacha. Lakini nilisikia jembe zikianza kukutana, mpaka zikashuka zote pamoja, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu.

Tulichimba mpaka jioni. Mbithe hakuimba. Alichimba tu. Jua likishuka akaja, akaniambia, "Una jembe butu, Nthenya. Umekuwa mtu wa gitaa." Basi. Hilo ndilo neno la msamaha nililopata, na nilikula nalo nikashiba. Alijengewa nyumba kwa shamba la mume wake, ambaye alikuwa amekwisha kufa, na akaishi hapo mpaka Bwana alipomchukua. Mkebe alikuwa ameupeleka kwa fundi akaunyoosha, akauwekea maua mlangoni. Haukunyooka kabisa. Ukiugusa unajua.

Ndugu zangu, sitawadanganya nikiwa mzee. Mungu aliniondolea hofu, lakini ule wimbo hakuurudisha nyuma. Wito wa arusi ulipungua. Santuri sikutoa. Na wale wa mbali bado wanaimba ule wa zamani, hawajui huu wa pili, mimi nimeusikia kwenye kaseti ya kijana fulani. Lakini nalala. Naimba macho wazi. Nikiingiza mkono kwenye chombo chochote nyumbani kwangu, hakuna kinachoniuma. Kama wewe una kitu umekigonga kwa jiwe ili uongo wako uwe kweli, usingoje kifunuliwe na wengine. Kipeleke kwa mwenyewe. Yesu atatembea na wewe mpaka mlangoni, na mlangoni utaongea wewe. Nimejaribu. Anakushika mkono.

Na sasa namshukuru kwa mjukuu wangu Mutheu, anayeniita Susu, yaani nyanya yake, na ambaye ana lile gitaa langu la mbao na vidole vyepesi kuliko vyangu, na mwenye wivu na aone wivu. Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni kwa harambee ya kanisa. Mutheu akaimba, nikaimba, tukapigiwa makofi. Kisha mgeni mmoja mheshimiwa, mtu wa Kitui, akainuka akasema ametoka mbali kote huko kwa sababu moja tu, asikie kwa mdomo wa mwenyewe ule wimbo aliochezea akiwa mtoto. "Mkebe, Susu! Mara moja tu, ya kutuaga!" Kanisa lote likageuka. Mutheu akaniangalia, kidole kiko kwenye nyuzi, anangoja.

Nikamwambia mheshimiwa, "Huo siimbi. Mkebe wa Mbithe ulikuwa mzima."